Mwenye Chumba Naye Ajitangaze Kama Muuza Chisense?

Kama kuna mtoto bado amebaki nyumbani, tafadhali mleteni, nafasi ipo.

Mwezi huu tunaongea juu ya nyumba za kupanga. Katika darasa la jioni la watu wazima swali hili lilileta kelele mpaka hesabu za siku ile hazikuisha: je, mtu mwenye chumba kimoja au viwili vya kupangisha, ajitangaze kama wafanyabiashara wengine wadogo? Fundi cherehani anatundika nguo mlangoni. Kinyozi anachora kichwa ukutani. Mama wa vitumbua anaita wapita njia. Lakini mwenye chumba anakaa kimya, anangoja aulizwe. Kwa sababu gani?

Labda mtu atasema, hiyo inatuhusu nini, sisi tumekaa Mantapala, hatuna nyumba za kupangisha. Inatuhusu, tena kwa njia tatu. Ya kwanza, kuna ndugu zetu waliopata kibali, wakatoka kwenda kufanya kazi au kumwuguza mgonjwa Nchelenge na Kashikishi, na huko walipanga. Ya pili, kuna familia zilizoacha nyumba Pweto, Moba, Kilwa au Lubumbashi, na leo mjomba au shemeji ndiye anapokea pesa ya wapangaji. Ya tatu, siku moja kila mmoja wetu atahama, iwe ni kurudi kwetu au kwenda mji mwingine, na kitu cha kwanza atakachotafuta ni mlango wa kufunga usiku watoto wakalala. Basi tusikilize.

MZEE MMOJA ALISEMA HAPANA

Tuanze na wale wanaokataa. Mzee mmoja darasani alisimama akasema: "Nyumba si nyanya. Nikiuza nyanya, mnunuzi anaondoka nayo. Nikipangisha chumba, mnunuzi anabaki ndani ya uzio wangu. Watoto wangu wanalala pale. Nitamwitaje kila mtu wa njiani?"

Maneno yake yana uzito. Wanaojua Dar es Salaam wanajua ile nyumba wanayoiita nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma wenye jiko na choo. Mara nyingi mwenye nyumba anakaa chumba kimoja na wapangaji vile vingine. Ukoka ni mmoja, ndoo ni za kupokezana, kelele za mmoja ni za wote. Hapo mwenye nyumba anachagua jirani kabla hajachagua mteja. Ndiyo maana watu wa namna hii wanapenda kupangisha kwa kuambiana: shangazi anamjua mtu, yule mtu anamjua kijana mpole, kijana anakuja.

Mama mwingine akaongeza kwamba mwenye chumba kizuri hahitaji kelele, kwa kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Methali ni nzuri, lakini tuipime. Chajiuza kwa nani? Kwa yule anayepita karibu na kukiona. Chumba kiko nyuma ya uzio wa nyasi. Mgeni aliyeshuka na basi kutoka Mansa saa moja ya jioni hakioni. Kwake kizuri na kibaya vyote vimefichika sawa.

KIMYA KINA FAIDA KWA NANI?

Hapa ndipo sisi tunatofautiana na mzee wetu, kwa heshima zote. Vyumba vikifichwa, watu wa aina mbili wanafaidika. Wa kwanza ni yule mwenye ndugu mjini. Wa pili ni dalali.

Mwenye ndugu hatumlaumu. Lakini sisi wengi wetu ndugu zetu wametawanyika: mmoja yuko Meheba, mwingine Lubumbashi, mwingine hatujui. Mji wa kuambiana ni mji mzuri kwa aliyezaliwa pale. Kwa mgeni ni mji wenye milango iliyofungwa.

Dalali naye anakula palipo na giza. Dar es Salaam amezoeleka: anakuonyesha chumba, ukikipenda unamlipa kodi ya mwezi mmoja, juu ya kodi unayompa mwenye nyumba, ambayo mara nyingi inadaiwa ya miezi sita au mwaka kwa pamoja. Lubumbashi na Kinshasa wanamwita komisionea, kazi ni ile ile. Wako madalali waaminifu, wanatembea juani, wana haki ya jasho lao. Lakini wako pia wanaoonyesha chumba kimoja kwa watu watatu, wanapokea pesa ya watatu, kisha simu inazimwa. Mambo haya yamewapata watu tunaowajua. Walioumia zaidi ni wale waliokuwa na haraka, wenye mizigo na watoto mgongoni.

Na kuna jambo la tatu, hili linauma zaidi. Mtu wetu anaingia uani, anauliza kwa upole: "Mama, iko chumba?" Anajibiwa ndiyo. Anauliza bei. Mwenye nyumba anasikia ule msemo wa Kikongo, anamtazama, na bei inapanda palepale. Au chumba kinakwisha palepale, wakati dakika tano nyuma kilikuwepo. Si wenyeji wote wanafanya hivyo, jamani tusiseme hivyo. Wapo bamayo wa Nchelenge waliotupokea mwaka 2017 tulipovuka kwa wingi, kabla Mantapala haijafunguliwa mwanzoni mwa 2018, na wengine walitugawia chakula chao. Lakini jambo hili lipo, na kila aliyetafuta chumba analijua.

Sasa angalia muuza chisense sokoni Kashikishi. Anaanika samaki wake wadogo juani, anawapanga kwa mafungu au anapima kwa kopo, na bei ya kopo inajulikana. Ukija Mkongo, kopo ni lile lile. Ukija mwalimu, kopo ni lile lile. Anaweza akakuongezea kiganja kwa mapenzi yake, lakini hawezi kusema samaki hawapo wakati wameanikwa mbele yako. Hilo ndilo tunalolitaka kwa mwenye chumba. Bei iliyoandikwa haisikii lafudhi.

Kwa hiyo jibu letu ni ndiyo. Mwenye chumba ajitangaze. Akitaja bei yake hadharani amejifunga nayo, na mnyonge ndiye anayeihitaji zaidi hiyo kamba.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Mtu asidhani tunasema haya kwa kuwahurumia wapangaji peke yao. Tuchukue mfano wa darasani. Mama A ana chumba, anataka kwacha 300 kwa mwezi. Hajitangazi. Katika mwaka kinakaa kitupu miezi 4. Anapata 300 mara 8, yaani kwacha 2,400. Mama B ana chumba sawa na kile, ameweka kibao, bei 250. Mpangaji akitoka mwingine anaingia, hakuna mwezi mtupu. Anapata 250 mara 12, yaani kwacha 3,000. Mama B ameuza rahisi, akapata zaidi kwa kwacha 600. Toa gharama ya ubao na rangi, bado yuko mbele. Tena chumba kitupu kinaliwa na mchwa, na hakuna wa kufukuza mbuzi mlangoni.

Kwetu huku kwenye Mweru hesabu hii ina jambo moja la pekee. Kila mwaka ziwa linafungwa kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Wavuvi na wachuuzi wanarudi makwao, na pesa inapungua mjini. Mwenye chumba anayetegemea wavuvi tu anajua kwamba miezi hiyo mitatu ni ya njaa. Mfanyabiashara mwenye akili hangoji Desemba. Mwezi wa kumi anaanza kutafuta wateja ambao hawaendi na samaki: walimu, wauguzi, watumishi wa ofisi za wilaya. Mwaka 2022 serikali ya Zambia iliajiri walimu 30,496 kwa mpigo mmoja, wakatumwa kila wilaya. Mwalimu mgeni wa namna hiyo hana shangazi Nchelenge. Anasoma kibao. Kadhalika ndugu wa wagonjwa wanaokuja hospitali ya St. Paul's pale Kashikishi, wao wanahitaji chumba cha siku tano au wiki mbili. Na mwezi wa saba, wakati wa sherehe ya Mutomboko kwa Mwata Kazembe, wageni wanajaa Mwansabombwe kutoka pande zote za nchi. Nani aliyewaambia kwamba una chumba?

Tuseme pia kwamba serikali zenyewe zimeshaamua kwamba kupangisha ni biashara. Kenya, tangu Januari 2016, mwenye nyumba za kukaa watu anatozwa asilimia 10 ya mapato ya pango, na tangu Januari 2024 ikashuka kuwa asilimia 7.5. Inawagusa wanaopata kuanzia shilingi 288,000 kwa mwaka, ambayo ni shilingi 24,000 kwa mwezi, kwa hiyo hata mtu mwenye vyumba vichache Nairobi yumo. Kiswahili chetu chenyewe kinatania hapo: mpangaji analipa kodi, mwenye nyumba naye analipa kodi. Kama ni biashara siku ya kulipa serikali, basi iwe biashara pia siku ya kumpokea mteja.

KIBAO KISEME NINI?

Kujitangaza si kusema "chumba kizuri, bei poa, njoo haraka." Hayo ni maneno ya mnada. Nguo mbaya unaivua jioni. Chumba kibaya utalala ndani mwezi mzima, na mvua ya Januari itakuonyesha kila tundu la bati. Kwa hiyo kibao cha chumba kiseme ukweli, pamoja na ubaya wake. Tuliandika mfano huu ubaoni, mnaweza kuunakili:

CHUMBA KINAPANGISHWA.
Chumba 1 na sebule ndogo. Bati, sakafu ya saruji, mlango una kufuli.
Maji: bomba la jirani, dakika 5 kwa mguu.
Choo: familia 3 zinachangia.
Umeme: hakuna.
Kodi: kwacha 250 kwa mwezi. Kuingia: mwezi 1 na amana ya mwezi 1.
Risiti inatolewa.
Kuja kuona: saa 10 mpaka saa 12 jioni.

Mnaona, hakuna sifa hata moja. Lakini anayesoma anajua kila kitu, na asiyetaka choo cha kuchangia hatakuja kukupotezea muda. Kibao kiandikwe kwa Kibemba na Kiingereza pia, maana wasomaji wa mjini si wote wa Kiswahili. Watoto wetu wa darasa la juu wanaweza kusaidia, ni zoezi zuri la lugha.

Wenye simu wanaweka picha kwenye WhatsApp au Facebook. Ni sawa, lakini piga picha ya chumba chenyewe, si ya ukuta wa jirani uliopakwa rangi jana. Na usiweke picha ya watoto wako au ya mpangaji aliyemo. Nyumba ni mahali pa siri za watu.

Baada ya kibao ndipo mzee wetu apate haki yake. Kujitangaza si kumkubali kila anayekuja. Watu waje, mkae, muongee. Muulize: utakaa na nani, unafanya kazi gani, utalipa tarehe ngapi. Mwambie nawe masharti ya uani: saa ya kufunga geti, muziki, ufagio wa zamu. Mkipatana, sawa. Msipopatana, kwa heri. Umchague mtu kwa mwenendo wake, usimchague kwa kabila lake wala kwa karatasi ya ukimbizi aliyonayo.

Na mjue kwamba tangazo kubwa kuliko yote ni yule mpangaji anayehama. Akitoka na amana yake mkononi, ataleta wengine watatu. Akitoka analia, hakuna rangi ya kibao itakayomfunika. Mwenye chumba anauza kitu kimoja kwa mtu mmoja kila mwezi, tena na tena. Bati likivuja mwezi wa pili, biashara imevuja.

WALE WANAOTAFUTA CHUMBA, SIKILIZENI

Tangazo linasaidia, lakini tapeli naye anajua kuandika. Kwa hiyo:

Usitume pesa kwa simu kabla hujakiona chumba kwa macho yako, mchana, pamoja na mtu mwingine. Anayesema "tuma nusu nikushikilie, wengine wanakitaka" mwambie awape hao wengine.

Waulize wapangaji waliomo, si mwenye nyumba peke yake. Uliza mvua inaingia wapi, na nani ana ufunguo wa pili.

Dada zetu, mama mwenye watoto peke yake, msichana wa shule: usiende kuona chumba jioni peke yako. Na mwenye nyumba akianza kusema kodi inaweza kulipwa kwa njia nyingine, ondoka siku hiyo hiyo, umwambie mtu. Hilo si pango, ni unyanyasaji, na si aibu yako.

Dai maandishi. Sheria ya pango ya Zambia, Sura ya 206, ya tangu mwaka 1972, inamtaka mwenye nyumba awe na daftari la kodi. Kwa wale watakaorudi Kongo, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi 3. Mkiombwa miezi 6 au 10, mjue kwamba mnaombwa nje ya sheria. Daftari la mwanafunzi la kurasa 40 linatosha: tarehe, kiasi, sahihi mbili. Asiyejua kuandika aje darasa la jioni, ndiyo kazi yetu.

MAMBO MAWILI YA HAPA KWETU

La kwanza, viwanja vya Mantapala tulipewa tukae na tulime. Kabla hujapangisha hata banda la duka, uliza kwanza ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi. Usiweke kibao leo ukaitwa kesho. Vilevile anayetaka kwenda kupanga Kashikishi apate kibali cha kutoka kwanza. Mpangaji asiye na kibali anaogopa kumshtaki mwenye nyumba, na mwenye nyumba mbaya analijua hilo kabla yako.

La pili, zile nyumba zilizobaki ng'ambo. Tanzania utakuta ukutani maandishi makubwa: nyumba hii haiuzwi. Kongo nako watu wanaandika hivyo kwenye parseli zao. Kuna walioandika kwa sababu ndugu alitaka kuuza wakati mwenyewe hayupo. Nalo ni tangazo, tena la lazima kwa mtu aliye mbali. Kama mjomba anakupangishia nyumba Pweto au Moba, usione haya kumwomba majina ya wapangaji, kiasi wanacholipa, na picha ya ukuta. Nakala ya karatasi ya parseli iwekwe mahali pawili. Udugu mzuri haukatai hesabu.

Sasa tunawaachia kazi ya nyumbani. Kila familia ikae jioni moja na kuandika kibao cha nyumba mnayokaa sasa, kama vile mnaipangisha, kwa ukweli wote: maji, choo, paa, majirani. Watoto waandike, wazazi waseme. Kisha mjiulize: mngeipanga wenyewe kwa bei gani? Na kitu gani mngekirekebisha kwanza kabla mgeni hajaja kuona?

Leteni karatasi darasani Jumatano jioni. Vibao vitano vya kweli zaidi tutavibandika ukutani, bila majina. Na mzee wetu wa nyanya, tafadhali uje, bado tunataka kukusikia.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea. Tukutane mwezi ujao.